Jumamosi usiku kwa Fundi: bao, keram na karata katika duka la seremala Ng'ambo

Duka ninalolizungumzia halina kibao. Liko katika mtaa mmoja wa Ng'ambo, mjini Unguja, mwendo wa dakika kama kumi kwa miguu kutoka majumba ya Michenzani, na wanaolijua huliita kwa Fundi, kwa kuwa mwenyewe ni seremala anayetengeneza makabati, vitanda na, akipata mbao nzuri, meza za keram na mabao ya kuchezea. Kila Jumamosi baada ya sala ya Isha huyasogeza ukutani makabati yasiyomalizika, hufagia maranda, hutandika mikeka na kuwasha taa mbili, na duka likawa mahali pa michezo mpaka saa tano usiku. Nimekwenda huko na marafiki zangu wanne takriban kila wiki kwa muda wa miezi mitano, tumelipa fedha zetu wenyewe, na hakuna aliyetuomba tuandike lolote.

Nianze na sababu iliyotupeleka, kwa kuwa bila ya hiyo msomaji hataelewa kwa nini nalisifu duka ambalo, kama atakavyoona, lina kasoro kadhaa. Unguja bao si kitu cha kutafutwa. Ukipita Soko Muhogo, pale panapoitwa Jaws Corner, au katika baraza nyingi za mjini wakati wa alasiri, utawakuta wanaume wamelizunguka bao au wanapiga dhumna (domino), na muuza kahawa yuko pembeni na mdila wake. Mwanamke hupita, huamkia, hujibiwa kwa heshima zote, kisha huendelea na safari yake. Hakuna aliyeandika popote kuwa asikae. Ni mazoea tu, na mazoea ya barazani hayahitaji kuandikwa. Babu yangu alikuwa mchezaji wa kila siku, na sisi wajukuu wake wa kike tulichoruhusiwa ni kuzihesabu kete na kuzirudisha mfukoni mchezo ukimalizika. Nilifika umri wa miaka thelathini na sita nikiyajua majina ya mashimo, kichwa, kimbi na nyumba, bila ya kuwahi kunamua, yaani kuingiza ubaoni, hata kete moja.

Duka lenye mlango ni kitu kingine. Mtu hupiga hodi, hukaribishwa, na anayekaribishwa dukani ni mteja, awe mwanamume au mwanamke. Sijui kama Fundi alilifikiria jambo hilo alipoanza, nami sikumuuliza, lakini usiku wa kwanza tulipoingia watano kwa pamoja na mabuibui yetu, wanaume waliokuwapo walinyanyua macho, wakajibu salamu, wakasogea mkekani. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapokezi yote, na yalitutosha.

Bao linalochezwa hapo ni bao la Kiswahili lenyewe, lenye safu nne za mashimo manane manane na kete 64, yaani kete 32 kwa kila mchezaji. Si ule mchezo uliorahisishwa ambao watalii huuziwa pamoja na vibao vya kukunja. Kete ni komwe halisi, zile mbegu za kijivu zinazoteleza mkononi, na Fundi huzihesabu mwenyewe mwanzo na mwisho wa usiku, kwa sababu moja ikipotelea chini ya kabati basi mchezo wa wiki nzima umeharibika. Mgeni huanzishwa kwa bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili na wachezaji huanza moja kwa moja bila ya kunamua. Tulibaki hapo wiki tatu. Naona zilitosha kutufundisha mikono yetu kusambaza kete bila ya kuziangusha, lakini hazikutosha hata kidogo kutufundisha kutazama mbele.

Wiki ya nne tulihamishiwa bao lenyewe, na hapo ndipo nilipofahamu kwa nini babu yangu alikuwa haitiki akiitwa kula. Kila mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni, sita zikiwa ndani ya nyumba, ambalo katika mabao ya hapo ni shimo la mraba, na nyingine nne zikiwa mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Kete 22 zilizobaki hukaa akiba na kuingizwa moja moja kila zamu inapofika. Kete unayoinamua huiweka katika shimo la safu ya mbele ambalo tayari lina kete, na ikiwa shimo la mwenzako linalolikabili nalo lina kitu, unakula chote kilichomo na kukisambaza upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni kabisa la safu yako ya mbele. Kete yako ya mwisho ikiangukia palipo na kete mbele ya shimo la mwenzako lenye kete, unakula tena. Ikiangukia patupu, unalala na zamu inahama. Kinachomchanganya mgeni si wingi wa kanuni bali ile kanuni moja kwamba kula ni lazima. Ukiwa na cha kula huwezi kukiacha, hata kama unaona kabisa kuwa kitakupeleka pabaya, na mchezaji mzuri hukulisha kete tatu kwa makusudi ili zako zizunguke na kulala pale anapopataka yeye.

Kanuni hiyo ndiyo iliyotuletea mzozo wa kwanza. Baadhi ya wanaume waliopangiwa kucheza nasi katika wiki za mwanzo walianza kutuhurumia. Waliona cha kula, wakajifanya hawakukiona, wakatakata, yaani wakasambaza kete bila ya kula, upande mwingine kwa tabasamu. Fundi alikuwa anapiga msasa ubao pembeni. Alimwambia mmoja wao mbele ya watu wote, "Bwana, kula ni lazima. Ukimwachia umemnyang'anya mchezo." Tangu siku hiyo hatukuachiwa tena, na kwa wiki sita mfululizo hakuna hata mmoja kati yetu aliyeshinda.

Mafunzo yenyewe hutegemea unakaa mbele ya nani. Jumamosi ya saba nilifungwa mkononi, maana yake safu yangu ya mbele ilibaki tupu kabla sijamaliza kunamua, jambo ambalo kwa wachezaji ni aibu kubwa kuliko kufungwa kwa kawaida. Aliyenifunga ni mzee wa rika la baba yangu, dereva mstaafu wa gari za abiria, na hakucheka. Alisema tu, "Mwanangu, umeiachia nyumba mapema," kisha akazirudisha kete zote kinyumenyume, zamu baada ya zamu, mpaka akafika pale nilipokosea, akaniachia nicheze tena kuanzia hapo. Nilifungwa mara ya pili, ila safari hii nilijua kwa nini. Kwa upande mwingine wako vijana wawili watatu hodari wa mkono, ambao huzinyakua na kuzisambaza kete kwa kasi ambayo mgeni hawezi kuifuata, na ukiwaomba warudie huona umewashuku. Mchezaji yeyote ana haki ya kuona kete zinavyosambazwa, na katika hili Fundi ni mpole kupita kiasi. Angewataka wapunguze mkono wanapocheza na wanafunzi, malalamiko yangu makubwa yangekwisha.

Analolisimamia kwa ukali ni ulimi wa watazamaji. Yeyote asiye na zamu haruhusiwi kutia neno mchezo unapoendelea, wala kuguna, wala kuvuta pumzi kwa mshangao anapoona mtego. Anayejua baraza zetu atafahamu kuwa hilo si jambo dogo, kwani barazani mchezo wa watu wawili huchezwa na watu wanane. Baada ya mchezo kila mtu huruhusiwa kusema, na hapo husemwa mengi, kuanzia ubishi wa nani alikuwa bingwa wa mtaa upi hadi habari za kale zinazotajwa kwa sauti ya chini, kama ile ya Mzee Abeid Amani Karume, ambaye aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972 akiwa anacheza bao katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi (ASP), Kisiwandui, ambako si mbali na tunapokaa. Wazee wanaoikumbuka siku hiyo huisimulia wakizipanga kete, bila ya kunyanyua kichwa.

Mabao ni mawili tu kwa watu ambao mara nyingi hufika kumi na tano, na kungojea zamu kwaweza kuchukua saa nzima. Kwa seremala anayeyachonga mwenyewe, naona hilo halina udhuru mzuri.

Wanaongojea huenda kwenye keram. Meza ni moja, ya mbao iliyopigwa msasa vizuri, na kete tisa nyeupe, tisa nyeusi na ile nyekundu husafiri juu yake kama zinaelea, pindi unga ukinyunyizwa kwa kiasi. Ubora wake ni wa hali ya juu kuliko meza nyingi nilizoziona zikiuzwa mjini, isipokuwa pembe moja iliyovimba kwa unyevu wa masika, ambapo kete huanza kupinda njia kabla ya kufika shimoni. Wazoefu wanaijua na hukwepa kukaa upande huo. Mgeni hukalishwa hapo kwa ukarimu mwingi. Malipo ni shilingi 500 kwa kila mchezo, na huu ndio mchezo pekee unaolipiwa. Vijana ndio walioushika, hivyo ukitaka kucheza fika mapema, kabla ya saa mbili na nusu.

Dhumna ni marufuku ndani. Mtu wa dhumna hawezi kuiweka kete mezani bila ya kuipiga, na meza zilizopo ni za wateja waliokwisha kuzilipia.

Karata ndizo zilizotukamata sisi watano baada ya bao, na kwa kundi la marafiki waliotoka kazini wakiwa wamechoka naona ndizo zinazofaa zaidi. Huchezwa wahedi wasitini, mchezo ambao jina lake ni hesabu yake: karata zote zina jumla ya pointi 120, na upande unaofikisha 61 umeshinda. Karata 36 tu ndizo zinazotumika. Ree hubeba pointi 11, saba 10, mzungu wa nne pointi 4, mzungu wa tatu pointi 3 na mzungu wa pili pointi 2. Zilizobaki hazina thamani ila husaidia pale zinapokuwa za turufu, yaani rangi inayozishinda nyingine. Majina ya kopa, uru, pao na shupaza, na hiyo turufu yenyewe, tuliyarithi kwa Wareno, nasi tunayatamka kama vile yalizaliwa Kikwajuni. Mchezo mmoja huisha haraka, watu hubadilishana nafasi, na mazungumzo hayakatiki. Kosa ni kwamba pakiti zilizopo zimechakaa kiasi cha kujulikana kwa migongo yao. Saba ya kopa ina pembe iliyokunjika, na mezani hakuna asiyejua iko mkononi mwa nani. Baada ya mwezi mmoja tulinunua pakiti yetu kwa shilingi 3,000 tukaiacha pale, na sasa nayo imeanza kujulikana.

Ipo pia rafu ya michezo ya maboksi, ambayo mpwa wa Fundi, kijana anayewatembeza watalii, amekuwa akipewa na wageni wanaoondoka. Mengi ni ya kutazama tu: ludo lisilo na dadu, na Scrabble ambayo herufi zake za Kiingereza haziwezi kuandika neno la Kiswahili bila ya kuishiwa na herufi A katika dakika kumi za mwanzo. Moja tulilicheza hadi mwisho, nalo ni Catan, mchezo wa Kijerumani uliobuniwa na Klaus Teuber na kutoka mwaka 1995. Wachezaji watatu au wanne hujenga njia na makazi katika kisiwa cha vigae 19, na kila dadu mbili zinaporushwa baadhi yao huvuna mbao, matofali, ngano, kondoo au mawe ya madini. Anayetangulia kufikisha pointi 10 ndiye mshindi. Kijitabu cha maelezo kilikuwa cha Kijerumani, lugha ambayo mpwa anaizungumza kwa wageni wake lakini hakuwahi kuisoma kwa kirefu, na maelezo peke yake yalikula saa nzima.

Baada ya hapo ulikuwa usiku wa kuchekesha kuliko yote. Katika mchezo huo mtu asipokuwa na anachokihitaji humwomba mwenzake wabadilishane, na bei ni mapatano. Mmoja wetu anauza vitambaa Darajani. Alianza kwa kukataa kila kitu, akanyamaza zamu mbili mpaka sote tukawa na shida ya tofali, kisha akafungua duka: tofali moja kwa kondoo wawili, asubuhi njema, hakuna kupunguza. Mwalimu mwenzangu alipolalamika kuwa bei ilikuwa mmoja kwa mmoja dakika tano zilizopita, alijibiwa kuwa meli haijaingia. Ikitokea saba katika dadu, kipande kiitwacho mwizi huhamishwa na aliye na karata zaidi ya saba hupoteza nusu, na hapo ndipo mfanyabiashara wetu alipopunguzwa kidogo, ingawa alishinda vilevile. Boksi limepungukiwa na karata sita, ambazo nafasi zake zimechukuliwa na vipande vya kadi ya harusi, kwa hiyo ukipewa ngano yenye maua ya dhahabu usishangae. Ningependekeza mchezo huu kwa kundi lililopanga kukaa usiku mzima kwa ajili yake. Kwa Jumamosi ya kawaida unakula muda wote, na anayefika saa tatu hana pa kuingilia.

Kuhusu mahali penyewe nina machache. Taa mbili zinatosha mabao, hazitoshi karata zinazochezwa pembeni karibu na makabati. Umeme ukikatika, na umewahi kukatika mara tatu tukiwapo, Fundi huwasha kandili na bao huendelea kama hakuna lililotokea, kwa kuwa wazee husoma mashimo kwa vidole, lakini keram husimama. Harufu ya vanishi huwa kali wiki ambazo kuna vitanda vya kupeleka, na mwenzetu mwenye pumu alilazimika kutoka nje usiku mmoja na hakurudi kwa wiki mbili. Tulipomweleza Fundi alianza kupaka vanishi Jumatatu badala ya Ijumaa, jambo ambalo lilinigusa, ila dirisha bado ni moja tu, nalo ni dogo. Choo hakuna, wanawake hupiga hodi nyumba ya jirani, ambako mama mwenye nyumba ametuzoea na hutuweka kwa mazungumzo marefu kuliko haja iliyotupeleka. Kahawa chungu ni shilingi 200 kikombe, kashata zipo, tangawizi huletwa akijisikia anayeipika. Chakula usitegemee. Urojo unapatikana kona ya pili na unaruhusiwa kuingia nao, mradi usiushike karibu na mkeka wa bao.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hubadilika, michezo huanza baada ya tarawehe na kuendelea hadi karibu na daku, na watu huwa wengi mno kwa chumba kile. Wakati huo tulikwenda mara moja tu, tukakosa hata pa kuweka viatu. Anayetaka kujifunza asubiri mwezi uishe.

Kiingilio hakuna. Mtu hutazamiwa anywe kahawa na, akijaaliwa, anunue kitu siku moja. Mimi niliagiza bao mwezi wa tatu wa kwenda kwangu, la mti wa mfenesi, kwa shilingi 70,000, nikaahidiwa wiki mbili. Sasa ni wiki ya tisa. Kila nikiuliza naoneshwa ubao, na kwa kweli kazi ni safi: mashimo yamelingana kina, kingo zimelainishwa, na sehemu ya kuwekea akiba imechongwa kama mdomo wa jahazi. Nyumba mbili za mraba ndizo zilizobaki, kwa sababu, anasema, patasi anayoitumia kwa pembe hizo imevunjika na mpya anaisubiri kutoka Dar es Salaam. Nimelipa nusu. Jumamosi hii nakwenda na nusu ya pili, na risiti yangu.